Bunduki ya Kumkabili Nyati: Hupimwaje, na kwa Nini Yafaa Uijue

Nyati akiingia katika mahindi usiku, asubuhi yake maneno huwa yale yale. Jirani mmoja atasema, "Kama ningekuwa na bunduki, jambo hili lingekwisha jana." Mwingine atamlaumu askari wa wanyamapori: alifika, akatazama nyayo, akasema atarudi na mwenzake mwenye bunduki ya kufaa. "Kwani bunduki si bunduki?" watu huuliza.

Hapana, ndugu mkulima. Jembe na plau vyote ni vya kulimia, lakini huwezi kulima ekari kumi za majani magumu kwa jembe la bustani. Vivyo hivyo iko bunduki ya kutishia ndege, iko bunduki ya swala, na iko bunduki ya nyati, tembo na kiboko. Mtu asiyejua tofauti yake huweza kupoteza maisha yake, au, jambo lililo baya zaidi, maisha ya mtu mwingine asiyekuwapo kabisa bunduki ilipolia.

Makala hii haikufundishi kuwinda. Uwindaji ulipigwa marufuku nchini Kenya mwezi wa Mei mwaka 1977, na marufuku hiyo haikuondolewa. Tunataka ujue jinsi bunduki ya mnyama wa hatari inavyopimwa, ili uelewe kazi ya askari anayeitwa shambani kwako, umsaidie inavyopasa, wala usijaribu kuifanya wewe.

SKIMU NA BUNDUKI

Wazee wa Makueni wanaikumbuka habari hii. Serikali ya wakati ule ilipotaka kuwapa watu wa Ukambani mashamba katika eneo la Makueni, nyika ile ilikuwa imejaa vifaru. Idara ya Wanyama ilimpeleka mwindaji wake, J. A. Hunter, naye kati ya mwaka 1944 na 1946 aliua vifaru karibu 1,000 kwa bunduki. Hivyo ndivyo ardhi ilivyosafishwa zamani. Mnyama aliondolewa, mtu akaingia.

Njia hiyo haiwezi kurudi. Mnamo mwaka 1970 Kenya ilikuwa na vifaru weusi wapatao 20,000. Kabla ya miaka ya 1980 kwisha walibaki chini ya 400, hasa kwa sababu ya majangili. Siku hizi bunduki ya serikali haitumiwi kusafisha nchi. Hutumiwa kwa mnyama mmoja aliyethibitishwa kuwa hatari, na hutumiwa njia nyingine zikishindwa. Kwa hiyo ni lazima ifanye kazi yake barabara.

KWANZA MPIME MNYAMA

Huwezi kuipima bunduki kabla ya kumpima mnyama. Nyati dume aliyekomaa huweza kufika kilo 700 na zaidi. Ng'ombe wako wa maziwa hamfikii. Ngozi yake ni nene, mbavu zake ni pana, na pembe zake zimeungana juu ya paji la uso kama ngao. Hata akipigwa risasi ya moyo, mara nyingi hukimbia mwendo fulani kabla ya kuanguka.

Tembo dume huweza kufika kilo 6,000. Kichwa chake ni kikubwa, lakini ubongo ni mdogo ukilinganisha na kichwa, nao umejificha nyuma ya mfupa wenye vijumba vya hewa kama sega la nyuki. Risasi dhaifu huingia katika mfupa huo ikapotea njia.

Tena wapime kwa mbio. Nyati huweza kukimbia karibu kilomita 50 kwa saa. Akianza kukujia akiwa hatua 30 tu, anakufikia kwa sekunde mbili au tatu. Katika muda huo mtu aliyezoea sana atapiga risasi moja, labda mbili. Mtu asiyezoea hatapiga hata moja.

Kutokana na hesabu hiyo tunapata maswali mawili ya kuipima bunduki. La kwanza: je, risasi yake itafika ndani kabisa? La pili: je, risasi ya pili itakuwa tayari bila kukosa? Watu wengi huuliza swali la kwanza tu, na la pili ndilo limewaua wengi.

RISASI INAYOFIKA NDANI

Risasi nzima ina sehemu nne: ganda la shaba, fataki kwenye kitako chake, baruti ndani, na kichwa ambacho ndicho kinachoruka. Uzito wa kichwa na mwendo wake ndivyo vinavyoipa nguvu. Jina la risasi, kama .303 au .375, huonyesha upana wa mtutu kwa vipande vya inchi. Hebu tazama hizi zilizojulikana sana Afrika ya Mashariki:

Risasi ya .303, iliyokuwa ya askari wa Kiingereza, ina kichwa cha gramu 11 hivi. Ni risasi nzuri kwa swala na kongoni, lakini kwa nyati ni haba.

Risasi ya .375 ya kampuni ya Holland & Holland ya London ilianza mwaka 1912. Kichwa chake kizito ni gramu 19, na mwendo wake ni karibu meta 770 kwa sekunde. Katika nchi kadhaa za Afrika zinazoruhusu uwindaji, pamoja na jirani zetu wa Tanzania, hiki ndicho kipimo cha chini kwa wanyama wakubwa wa hatari.

Risasi ya .404 ya Jeffery ina kichwa cha gramu 26. Haikuwa na mbio nyingi, lakini ilipenya vizuri na haikumwumiza sana mpigaji. Idara za Wanyama za Afrika ya Mashariki ziliwapa maaskari wake bunduki za risasi hii kwa miaka mingi.

Risasi ya .416 ya Rigby, ya mwaka 1911, ina kichwa cha gramu 26 na nusu, nayo ina mbio kuliko ile ya .404.

Risasi ya .458 ya Winchester, kutoka Marekani, ilianza mwaka 1956. Kichwa chake ni gramu 32.

Ukilinganisha, utaona kwamba hata iliyo ndogo kati ya bunduki nzito hutupa kichwa chenye uzito unaokaribia mara mbili ya kile cha .303. Bunduki ya marisau, ambayo watu wengine huiamini kwa sababu ya kishindo chake, haimo katika orodha hii. Punje zake hutawanyika na kukwama katika ngozi na nyama. Haimwui nyati, humkasirisha. Mshale na mkuki navyo vina habari yao, nasi tutaifikia.

Umbo la kichwa cha risasi ni jambo jingine. Kiko kichwa laini, ambacho hupasuka na kupanuka kama uyoga kikiingia mwilini. Hicho hufaa kwa simba na chui. Kiko kichwa kigumu, kilichovikwa chuma au shaba nzito, ambacho hakipanuki bali hupenya moja kwa moja. Hicho ndicho cha tembo na kiboko. Kwa nyati, wengine hutanguliza kilicho laini lakini chenye nguvu, kisha hufuatiza vigumu. Lakini kichwa kigumu kina hatari yake. Huweza kumpita nyati mmoja kikamwumiza wa pili aliyesimama nyuma, na sasa una nyati wawili walioumia badala ya mmoja.

BOLTI NA KAZI YAKE

Sasa tuje kwenye swali la pili. Bunduki nyingi za wanyama wakubwa ni za namna mbili. Namna ya kwanza ina mitutu miwili iliyolala pamoja. Hupiga mara mbili upesi sana, lakini bei yake ni kubwa kupita kiasi. Namna ya pili ni bunduki ya bolti, ambayo mpigaji huinua mkono wa chuma, akauvuta nyuma, akausukuma mbele na kuushusha kila anapotaka kupiga tena. Hii huchukua risasi tatu, nne au tano, hutengenezwa kwa urahisi zaidi, na bei yake hupungua sana. Ndiyo sababu serikali nyingi ziliichagua kwa maaskari wao.

Bolti iliyokuwa mama wa nyingine nyingi ni ile ya Mjerumani Paul Mauser, ya mwaka 1898. Ubavuni mwake ina ukucha mrefu wa chuma. Risasi inapopanda kutoka kwenye magazini, ukucha huo huishika kitako mara moja, ukaiongoza mpaka ndani ya mtutu, wala hauiachi. Bolti ikivutwa nyuma, ukucha hulitoa ganda, na kijiti kidogo cha chuma hulitupa nje.

Zipo bolti za namna nyingine ambazo huisukuma risasi mbele bila kuishika. Ukucha wake mdogo huishika pale tu bolti inapofungwa kabisa. Kwa kulenga shabaha uwanjani hakuna tofauti. Lakini fikiri juu ya mtu aliyeshtuka. Anaisukuma bolti karibu na mwisho, anaingiwa na hofu, anaivuta tena kabla ya kuifunga. Kwenye bolti ya Mauser ile risasi itatoka pamoja na ukucha. Kwenye bolti ya kusukuma, risasi itabaki ndani, na mtu yule ataisukuma ya pili nyuma yake. Sasa risasi mbili zimebanana, bunduki haifungi wala haifunguki, na nyati amefika.

Kiwanda cha Winchester kilikuwa na bunduki yake, Model 70, yenye ukucha wa namna ya Mauser. Mwaka 1964 kilibadili kikatumia bolti ya kusukuma, iliyo rahisi kutengeneza. Kwa miaka mingi wawindaji wa wanyama wakubwa walitafuta zile za zamani, zilizotengenezwa kabla ya mwaka huo, hata ikabidi kiwanda kirudishe ukucha mkubwa katika miaka ya 1990.

JINSI BUNDUKI INAVYOPIMWA

Mtu mwenye akili hainunui bunduki ya hatari kwa kuitazama uzuri wa mti wake, kama vile wewe hununui ng'ombe kwa rangi. Huipima hivi:

1. Kula risasi. Magazini hujazwa, na risasi hupitishwa zote, moja baada ya nyingine, polepole na kwa haraka, bunduki ikiwa imenyooka na ikiwa imelazwa upande. Kazi hii hufanywa katika uwanja wa shabaha, mtutu ukielekea mahali pa salama. Ikikwama mara moja tu, hurudishwa kwa fundi. Bunduki inayokwama mara moja kati ya mara 50 itakwama siku mbaya.

2. Kutoa ganda. Ganda lililopigwa huvimba kidogo na kubana mtutu. Jua kali huongeza nguvu ya baruti, na ganda hubana zaidi. Ganda la .375 ni refu na limechongoka kama karoti, kwa hiyo huingia na kutoka kwa wepesi. Lile la .416 lilifanywa kubwa ili baruti isisongamane na nguvu yake isizidi mno katika nchi za joto. Lile la .458 ni fupi. Hapo mwanzo baruti yake ilishindiliwa sana, na baadhi ya risasi zilizokaa muda mrefu zilipungua nguvu. Kwa hiyo tarehe na namna ya kuhifadhi risasi ni sehemu ya kipimo.

3. Mlango wa magazini. Bunduki nyingi zina mlango mdogo chini yake. Ikiwa kifungio chake ni dhaifu, teke la risasi ya kwanza hulifungua na risasi zote huanguka majanini. Mpigaji huona jambo hilo wakati amechelewa.

4. Kufuli ya usalama. Lazima ishike imara, isifunguke kwa kukwaruzwa na matawi, tena ifunguke kwa kidole kimoja bila kelele. Ile ya Mauser ina nafasi tatu: ya kupiga, ya kufunga kila kitu, na ya katikati, ambayo huruhusu bolti kutoa risasi huku kifyatulio kikiwa kimefungwa.

5. Vilenga. Darubini kubwa hufaa uwanda wa mbali. Nyati wa kichakani hupigwa karibu, mara nyingi chini ya meta 50, alfajiri au jioni. Kinachotakiwa ni pengo pana la nyuma lenye umbo la V na shanga nyeupe ya mbele inayoonekana upesi. Bunduki ikipandishwa begani, jicho likute shanga mahali pake bila kutafuta.

6. Mti na uzito. Bunduki nzito hupiga teke kali. Mti wa kitako huweza kupasuka nyuma ya chuma, ndiyo sababu waundaji hupitisha pini ya chuma kuushikilia. Uzito wa kilo 4 hadi 5 ni wa kadiri. Nyepesi kuliko hapo humwumiza mpigaji mpaka akaiogopa. Nzito kuliko hapo humchosha kabla hajafika kichakani.

Tambua kwamba katika vipimo hivi sita, hakuna hata kimoja kinachouliza, "Je, ina nguvu kuliko zote?" Bunduki yenye nguvu kubwa inayokwama ni fimbo ya bei ghali.

KIPIMO CHA SABA NI MTU

Yuko Mskoti mmoja, W. D. M. Bell, aliyewinda Karamoja huko Uganda mwanzoni mwa karne ya 20. Aliua tembo zaidi ya 1,000, wengi wao kwa bunduki ndogo ya milimita 7. Watu husikia habari hii wakasema, "Basi hata bunduki ndogo yatosha!" Lakini hawasemi sehemu ya pili. Bell alipasua fuvu la tembo kwa msumeno ili aone ubongo unakaa wapi. Alikuwa mpigaji wa ajabu, alichagua saa na mahali pake, na alimwacha mnyama ambaye hakukaa vizuri. Hakusimama katika mahindi usiku, tochi mkononi, na watu 40 wakipiga kelele nyuma yake. Waliomwiga bila ujuzi wake hawakuwa na bahati yake.

Kosa la kawaida la mtu mwenye bunduki ya bolti ni dogo sana: kwa hofu, haivuti bolti mpaka mwisho. Risasi za .375 na .416 ni ndefu, na bolti lazima ivutwe kwa nguvu mpaka igonge nyuma. Isipofika, hairuki juu ya risasi ya pili, hufungwa tupu. Mtu hulenga, hufyatua, na husikia "tak." Dawa yake ni mazoezi, mamia ya mazoezi, mpaka mkono ufanye kazi bila kuulizwa. Ndiyo maana askari mwema huivuta bolti mara tu baada ya kupiga, hata akimwona mnyama ameanguka.

Sasa waelewa kwa nini askari aliyekuja peke yake, bila bunduki nzito au bila mwenzake, hakuingia kichakani. Mmoja hutazama nyayo chini, mwingine hutazama mbele. Mtu hawezi kufanya yote mawili. Yule askari hakuwa mwoga.

NYATI ALIYEUMIZWA

Hapa ndipo penye shida yenyewe, nasi twakuomba usome taratibu.

Tuseme nyati ameingia katika shamba la jirani yako. Vijana wametoka na mishale, mikuki na bunduki ya magendo. Wamempiga, amekimbia, wameona damu, wamerudi nyumbani wakijisifu. Nyati yule hakufa. Amelala katika kichaka kando ya mto, jeraha linamwuma, na pengine amegeuka kuikabili njia aliyopita, akingoja yeyote atakayeifuata.

Nani atapita hapo kesho? Vijana hawatapita, maana wanajua. Atapita mama anayekwenda kutafuta kuni. Atapita mtoto anayekwenda shule. Atapita mzee anayechunga mbuzi. Hao hawakurusha mshale wowote, wala hawakujua kwamba jana usiku kulikuwa na mkasa. Mnyama ambaye asubuhi ya jana angekimbia harufu ya mtu, leo atamrukia.

Na kama hakuna aliyepita, atakayepita ni askari. Ameitwa kwa habari ya "nyati mharibifu wa mahindi." Anaingia akitazamia mnyama mzima, atakayesimama au kukimbia, kumbe ndani yumo mwenye mshale ubavuni. Watu wa kijiji wamenyamaza kwa sababu wanaogopa kushtakiwa.

Usinyamaze. Hata kama aliyempiga ni mwanao, mwambie askari ukweli kabla hajaingia: mnyama ameumizwa, kwa silaha gani, saa ngapi, mahali gani mwilini kama mliona, na alielekea wapi. Neno lako moja hubadili kila kitu: idadi ya maaskari, namna ya risasi atakayotanguliza, saa ya kuingia, na kama ataingia au atangoja. Bunduki nzuri kuliko zote haiwezi kumsaidia mtu aliyedanganywa.

KAZI YAKO WEWE MKULIMA

Mnyama wa hatari akiingia shambani, fanya haya:

(a) Waondoe watoto na wachungaji, na uwajulishe majirani wa pande zote, hasa wale wanaopita njia ya mtoni. Ujumbe upelekwe shuleni pia.

(b) Toa habari mara moja kwa kituo cha Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS) kilicho karibu, au kwa chifu au polisi. Sema ni mnyama gani, wangapi, walionekana saa ngapi na wapi, na kama yuko aliyeumizwa.

(c) Usizikanyage nyayo. Zifunike kwa matawi machache ili askari azisome. Nyayo humwonyesha ukubwa wa mnyama, mwendo wake, na kama anachechemea.

(d) Usifuate damu. Hata hatua kumi. Hata ukiwa na mbwa.

(e) Askari akifika, wazuie watu. Kichwa kigumu cha risasi nzito huweza kwenda zaidi ya kilomita 2 kisipogonga kitu. Askari hawezi kupiga ikiwa watu wamezunguka kichaka kutazama. Kila mtu akae mbali, nyuma yake, mahali alipoambiwa.

(f) Mnyama akianguka, usikimbilie nyama. Wengi wameumizwa na nyati aliyedhaniwa amekufa. Tena nyama na pembe si vyako. Mambo hayo yako chini ya sheria.

(g) Andika hasara yako na uitoe taarifa upesi. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 iliweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa mtu aliyeuawa na mnyama aliyetajwa katika sheria, milioni 3 kwa aliyepata ulemavu wa kudumu, na mpaka milioni 2 kwa majeraha mengine. Mazao na mifugo pia vimo, kwa bei ya soko. Lakini sheria hiyo hiyo yasema kwamba asiyechukua hatua za kadiri kuilinda mali yake hatalipwa kwa mali hiyo. Piga picha, wapate mashahidi, wala usikate mabua yaliyovunjwa kabla hayajatazamwa.

UA HUSHINDA RISASI

Risasi moja humwondoa nyati mmoja, na mwezi ujao mwingine huja kwa njia ile ile. Ua hufanya kazi kila usiku. Ua wa umeme wa msitu wa Nyandarua, wenye urefu wa karibu kilomita 400, ulikamilika mwaka 2009 baada ya kazi ya miaka 20, na mashamba mengi ya kando yake yamepata kulala. Lakini ua wa umeme ukiguswa na majani hupoteza nguvu, na waya uliokatwa na mtu anayetafuta kuni ni mlango wa tembo. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Wakulima wa skimu iliyo karibu na ua wagawane zamu ya kufyeka na kukagua.

Mahali pa tembo pasipo na ua wa umeme, kama Sagalla huko Taita Taveta, wakulima wamening'iniza mizinga ya nyuki kwenye waya kuzunguka shamba, mmoja kila meta 10 hivi. Tembo akiugusa waya, mizinga hutikisika na nyuki hutoka. Tembo huwaogopa nyuki, na mkulima huvuna asali. Bunduki haikuvunia mtu asali hata siku moja.

KUMBUKA HAYA

Bunduki ya mnyama wa hatari haipimwi kwa kishindo. Hupimwa kwa risasi inayofika ndani, kwa bolti isiyokwama, na kwa mtu aliyefanya mazoezi. Kimoja kikipungua, viwili vilivyobaki havitoshi. Wewe huna hivyo vitatu, wala sheria haikutaki uwe navyo. Kilicho chako ni habari ya kweli, na pengine hiyo ndiyo itakayomrudisha askari nyumbani kwake jioni, na mama wa kuni nyumbani kwake pia.

Kwa hivyo siku utakapoamka ukute mahindi yamelala, usiulize ni nani mwenye bunduki. Wahesabu watoto wako, mpigie simu askari, na umwambie yote unayoyajua.